Bunga niliyotuma Bukavu mupaka ulipofungwa

Admin, jina langu ufiche kabisa, maana hapa Kamembe, upande wa Rwanda, tunajuana wote. Niko mama wa miaka arobaini na mmoja, bwana wangu ni fundi wa cherehani, na mimi nauzisha bunga ya muhogo Bukavu, kule Congo ng'ambo ya mupaka, tangu usichana. Mdomo wangu ni mkali, sokoni bananiogopa. Lakini kwa jambo hili nimekuwa bubu.

Mteja wangu mkubwa ni Maman Neema. Wakati wa vita tulikuwa bado wasichana, alivuka na mama yake, bakalala kwetu mwezi muzima. Tangu hapo ni dada yangu.

Corona ikaja, mupaka ukafungwa. Muntu havuki, ni camion tu, yale malori ya chakula. Maman Neema akanipigia simu: "Dada, huku njaa inatumaliza. Batoto banalala bila kula. Tuma hata kidogo." Camion ilikuwa inaondoka baada ya siku tatu. Mihogo yangu ilikuwa ile michungu, ambayo inalowekwa siku nne ili sumu itoke. Mimi niliiloweka siku moja, nikaianika, nikasaga. Nikaonja, ikawa chungu. Nikasema, aah, ikipikwa itatulia. Nilijua, jamani! Bibi yangu alinifundisha nikiwa mtoto.

Siku bunga ilipofika, kwao mboga haikuwepo, bakala ugali mtupu. Bote balitapika, bakapona. Neema, binti yake wa miaka sita, hakupona. Bantu bakasema ni corona, akazikwa haraka, mama yake akakatazwa kusogea. Alinililia kwenye simu: "Dada, Mungu akubariki. Bunga yako ilifika, mtoto wangu hakufa na njaa."

Nilimwambia iliyobaki aimwage, nikadanganya kwamba panya waliingia kwenye gunia. Nikakata simu.

Tangu hapo ugali sigusi tena. Maji ya mihogo yakianza kutoa povu kwenye pipa, namwona Neema amesimama pale na sahani yake. Wallahi namwona, mchana kweupe.

Sasa mupaka umefunguliwa, na Maman Neema amejifungua msichana. Amenipigia akicheka: "Ni ndoyi wako, nimempa jina lako! Jumapili vuka uje umpakate." Bwana wangu peke yake ndiye anajua, naye anasema, "Nyamaza, usimfanye afiwe mara ya pili."

Ndugu zangu, nipeni akili. Nimwambie ukweli, au niende nimpakate? Nitaitikaje bakimwita kwa jina langu, na mimi ndiye nilimuua dada yake?