Vijiti vya Jumatano

Asubuhi ya kwanza niliyoitwa mwalimu, mvua ya mawe ilikuwa ikipiga mabati ya shule moja huko Mau Narok kwa kishindo hata nikalazimika kufundisha kwa mikono. Nilikuwa nimetoka chuoni majuzi, viatu vyangu vipya vimejaa tope la mashamba ya ngano, na mbele yangu watoto wa darasa la pili walikuwa wamesogeleana kwa baridi kama vifaranga. Niliandika herufi m ubaoni. Nikafunga midomo, nikaguna. Darasa zima likaguna nami, na kwa muda ule mvua na sauti zetu vikawa kitu kimoja. Damu ilinichemka kwa raha. Nilijua papo hapo kwamba nimeipata kazi yangu.

Naibu wa mwalimu mkuu, mama mmoja mwenye sweta zito la kijani, alikuwa dirishani akinitazama. Mvua ilipokatika aliniita kando.

"Umefurahi?"

"Sana, madam."

"Vizuri. Na andalio la somo la kesho liko wapi?"

Andalio la somo, kwa msiolijua, ni mpango wa kipindi kimoja: utaanza na nini, watoto watafanya nini, na utajuaje kama wameelewa. Sikuwa nalo. Hakunigombeza. Alinikalisha ofisini, akanimiminia chai ya maziwa, akanifundisha jinsi ya kulipanga juma zima. Lugha na hesabu zilifundishwa kila siku, lakini kila siku ilikuwa na jambo lake kuu. Jumatatu sauti na maneno mapya. Jumanne ufahamu. Jumatano hesabu za kushika kwa mikono. Alhamisi imla, yaani mwalimu anasoma na mtoto anaandika alichosikia. Ijumaa jaribio la wiki. "Binti yangu," alisema, "usipopanda Jumatatu, Ijumaa utavuna nini? Magugu!" Akacheka mpaka chai ikamwagika.

Niliufuata mpango huo wa juma Mau Narok kwa miaka mingi, kisha nikahamishiwa Kamere, ufuoni mwa Ziwa Naivasha. Lo, Kamere! Nilitoka kwenye ukungu na viazi nikaingia kwenye jua, harufu ya samaki, na mahema makubwa ya plastiki ambamo waridi huchanua mwaka mzima. Wazazi walikuwa wafanyakazi wa maua na wavuvi, waliotoka pande zote za nchi. Wakati wa mapumziko uwanja wetu ulichemka kwa Kijaluo, Kiluhya, Kikuyu na Kiturkana, na juu ya zote Kiswahili cha huku kwetu, kisichojali sana ngeli bali kinachofika kinakokwenda.

Nilipewa darasa la tatu. Muhula wa pili akaletwa Akinyi, msichana mrefu kuliko wote, umri wake ukikaribia kumi na mmoja. Alikuwa ameishi na nyanya yake mashambani, na kwa sababu ya kumuuguza alikuwa amekosa shule muda mrefu. Sasa nyanya alikuwa amefariki, na mama yake, aliyekuwa amepata kazi ya kupanga maua, akamchukua. Akinyi hakuweza kusoma hata sentensi moja.

Mwalimu Mkuu wetu alikuwa mtu wa haki, mwembamba, kalamu tatu mfukoni. Alimsikiliza Akinyi akihangaika na ukurasa wa kwanza, akafunga kitabu.

"Mwalimu Nekesa, huyu arudi darasa la kwanza."

"Na watoto wa miaka sita, Mwalimu Mkuu?"

"Ataanza pale anapoweza. Wewe una watoto zaidi ya sitini. Utambeba mgongoni?"

Akinyi alisikia yote. Tulipotoka nje alizungumza bila kuniangalia. "Ticha, wakinirudisha kwa watoto, mimi siji tena. Nitakaa nyumba nilee mtoto wa mama." Hakuwa akinitisha. Alikuwa akinieleza tu litakalotokea, kwa sauti ya mtu mzima, na nilimwamini. Nikarudi ofisini, nikaomba nibaki naye hadi mwisho wa muhula. Mwalimu Mkuu akachomoa kalamu moja mfukoni. "Ijumaa ya mwisho nitamjaribu mwenyewe," alisema. "Asipoweza, tusibishane."

Sasa nije kwenye vijiti. Jumatano darasani mwangu kila mtoto alikuwa na rundo la vijiti vya kuhesabia. Kumi tulivifunga kwa uzi vikawa kifungu kimoja, ili mtoto aishike kwa mkono tofauti ya makumi na mamoja kabla hajaiona kwenye tarakimu. Niliinua vifungu vitatu na vijiti vinne.

"Ni vingapi? Akinyi?"

"Sitini na nne."

Darasa lilianguka kwa vicheko. "Sitini ametoa wapi huyu?" akapiga kelele Kamau, mcheshi wetu wa dawati la nyuma. "Ticha, Akinyi anahesabu na vidole vya miguu!" Akinyi akamgeukia. "Yako hata haitoshi kuhesabu, zimejaa funza." Ikabidi nigonge ubao.

Ijumaa nilisahihisha jaribio lake, na alama za kukosea zilishuka ukurasani moja baada ya nyingine. Vifungu vitano na vijiti viwili, aliandika mia moja na mbili. Vifungu viwili na kijiti kimoja, arobaini na moja. Nikashika kalamu nyekundu hewani. Ngoja kwanza! Mtoto anayebahatisha hukosea ovyo ovyo. Huyu alikuwa akikosea kwa mpango, bila kuteleza hata mara moja. Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena. Walimu wenzangu walidhani nimeumwa na nyuki.

Nilimwita. "Akinyi, kifungu kimoja ni vijiti vingapi?"

Aliniangalia kama mtu anayeulizwa rangi ya maziwa. "Ishirini, ticha. Mama akifunga kumi na tisa, supavaiza anamrudishia."

Shada la waridi la mashina ishirini! Mama yake alipoandikwa kazi, mikono yake ilikuwa mizito, akaogopa kufutwa. Kila jioni alikata matete ziwani, akafanya mazoezi ya kuyapanga na kuyafunga mashada nyumbani, na Akinyi ndiye aliyemhesabia. Ishirini, funga. Ishirini, funga. Mtoto aliyetakiwa kurudishwa darasa la kwanza alikuwa akizidisha kwa ishirini kichwani, haraka kuliko Kamau na vidole vyake vyote.

Niliuchukua mwanzo huo kwa mikono miwili. Kwenye hesabu tulikubaliana: shuleni tunafunga kumi, kazini kwa mama ishirini, na akili yake inatosha kwa zote mbili. Alielewa kabla ya chai. Kusoma ndiko kulikokuwa mlima. Basi nikakata makatoni, kila kipande silabi moja, nikamletea raba bendi. "Haya, leo tunafunga maneno." *Ma*, *te*, *te*: funga, soma. *Ma*, *u*, *a*: funga, soma. Alizipanga silabi kama mama yake alivyopanga mashina, kichwa upande, ulimi kwenye kona ya mdomo. Wiki ilipita, nyingine ikafuata. Siku aliyosoma sentensi nzima bila kugusa katoni, nilipiga makofi peke yangu, kisha darasa likanifuata, Kamau akiwa wa kwanza kusimama.

Ijumaa ya mwisho ilifika. Mwalimu Mkuu aliingia na kitabu cha darasa la tatu. Mama Akinyi, aliyekuwa ameomba ruhusa kazini, alisimama mlangoni na gambuti zake za kazini miguuni, akikataa kiti.

Akinyi alisoma. Alisoma polepole, nami nilikuwa nikipumua pale tu alipopumua. Kwenye neno *walipokaribishwa* alikwama. Nikaona vidole vyake vikikunjana, kimoja kimoja, akilifunga lile neno hewani. Akalitoa, akaendelea hadi nukta ya mwisho.

"Polepole mno," akasema Mwalimu Mkuu.

Akageuka ubaoni, akachora vifungu vinne na vijiti saba. "Haya. Vingapi?"

Akinyi akavitazama vifungu kimoja kimoja, kutoka kushoto hadi kulia. Watoto wakaanza kunong'ona, na mimi, nikijua jibu, nikijua kwamba analijua, nikauma shavu langu kwa ndani. Mwalimu Mkuu akaweka chaki chini.

"Samahani, Mwalimu Mkuu," Akinyi akasema. "Kifungu yako ni ya ngapi?"

Mwalimu Mkuu akatazama ubao, kisha akanitazama mimi. "Ya... ya kumi."

"Basi ni arobaini na saba. Ingekuwa ya ishirini, ni themanini na saba."

Alisimama pale, kalamu zake tatu zikitetemeka mfukoni, na sikujua kama ni hasira mpaka kicheko kilipomtoka. "Abaki," alisema. "Abaki hapa hapa!" Mlangoni, Mama Akinyi alipiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika hadi kwenye mashua za wavuvi.

Nilistaafu juzi, na sasa ninaishi Nakuru mjini. Walimu vijana hunitembelea na mitaala yao mipya, gredi badala ya madarasa, na huniuliza siri ni nini. Sina siri. Nina Jumatano nyingi tu. Nawaambia mtoto akikosea, walisome kosa lake kama wanavyosoma insha, kwa hamu ya kujua linaelekea wapi. Kazi hii ina furaha isiyozeeka, na nawaonea wivu kwa sababu kesho wanaingia darasani nami nabaki na chai yangu.

Akinyi hakukaa nasi sana. Alikuwa darasa la nne mama yake alipopata kazi kwingine, wakahama. Siku ya kuondoka walipitia shuleni kuniaga, godoro limefungwa juu ya mkokoteni. Langoni, Akinyi alimshika mama yake mkono akamsimamisha mbele ya kibao cha shule. Kisha, akisogeza kidole herufi kwa herufi, akaanza kumfundisha kukisoma.