Kisima cha saba

Ilikuwa 2021. Kimeu husema hivyo kila akianza, kisha hujikosoa mwenyewe: la, ilikuwa 2022, kwa maana 2021 ile kompyuta ilikuwa bado shuleni, na dada yake Mbinya alikuwa bado anameza ugali bila taabu.

Kimeu alikuwa mchunga mifugo wa Tseikuru, mtu wa darasa la nne na miguu isiyotulia. Shule moja ilipotupa kompyuta zake za mezani alijiokotea moja, na mwalimu akamwekea Linux, mfumo mwepesi, kwa sababu mashine ilikuwa imezeeka. Akaizoea polepole, kama punda wa kuazima.

Sasa Mbinya alikuwa na uvimbe kooni, na Jumatatu alitakiwa hospitali Kitui apasuliwe. Ni yeye tu aliyebaki na wimbo wa baba yao, unaotaja kwa mpangilio visima vinane vya mchangani alikonywesha ng'ombe akiwapeleka mto Tana. Kimeu alitaka kuurekodi kabla ya kisu. Jumamosi asubuhi akamketisha mbele ya maikrofoni, naye akauimba wote.

Waliposikiliza ilikuwa mmmmm, kama mzinga uliochokozwa, na juu yake shhhh, na kila mara pah! pah!

"Huyo ni mimi ama ni ng'ombe?" Mbinya akauliza.

"Ni mashine, dada. Hebu imba tena kidogo nijaribu."

Ile pah akaipata: kadi ya sauti ilikuwa inasinzia ili kuokoa stima, ikiamshwa inashtuka. Akaandika amri isilale tena. "Imba, dada." Ile shhhh nayo akaipata: nguvu ya maikrofoni ilikuwa imepandishwa mpaka mwisho. Akaishusha. "Imba tena." Mmmmm ikabaki pale pale. Akabadilisha waya, akahamisha soketi, akazima, akawasha. "Mara moja tu, dada."

"Si utumie simu ya jirani, Muktar?" mkewe Kaluki akasema kutoka jikoni.

"Muktar ameenda mnadani, na simu imeenda naye!"

Kwa hasira akalishika kasha la chuma la kompyuta. Mlio kwenye spika ukapungua. Akaliachilia, ukarudi. Hapo akaufuata waya wa kijani, ule wa kupeleka stima ardhini, mpaka nje nyuma ya ukuta. Waya ulikuwa unaning'inia bure. Chuma chake cha kuzikwa ardhini kilikuwa kule kwenye miiba, beberu amefungwa nacho.

"Kaluki! Nani aling'oa chuma cha fundi wa stima?"

"Hicho? Beberu wako anang'oa vigingi vyote vya mti. Hicho hajakiweza tangu mwezi wa nane."

"Fundi alikizika hapa!"

"Fundi hachungi mbuzi."

Akakirudisha nyuma ya ukuta, akaufunga waya, akakigongelea tena, ardhi ngumu kama tako la sufuria. Ndani bado mmmmm. Ardhi kavu haipokei kitu. Akachukua mtungi wa lita ishirini akaumimina wote pale.

"Maji ya mto, nimebeba kwa mgongo, unanywesha chuma?" Kaluki akafoka.

Lakini mlio ukafa. Kimya safi. Kimeu akakimbia ndani kama kijana.

"Sasa, dada! Sasa!"

"Umeniimbisha tangu asubuhi kama redio ya kinyozi," Mbinya akasema, na sauti ilikuwa inakwaruza. Akaimba hata hivyo. Kwenye kisima cha sita, Kya Nzau, akakohoa, akakohoa tena, cha saba kikamezwa na kikohozi, na pumzi iliporudi alikuwa ameshafika cha nane, wimbo umekwisha. Hakuweza kurudia, wala Jumapili sauti haikurudi. Ile rekodi ya kwanza Kimeu aliisikiliza mara mia: pale penye cha saba pana pah! na mzinga.

Mbinya alipona. Ila sauti ilibaki mnong'ono usio na tuni, na bila tuni jina haliji. Husogeza midomo, hufika pale, hutikisa kichwa. Kimeu amewauliza wachuuzi wa mifugo Tseikuru, wazee wa Mwingi, hata mtu mmoja aliyekutana naye kule mjini Kiboko: kutoka Kya Nzau, ng'ombe wa baba walikunywa wapi?