Nilisawazisha vichuguu vya Namawala ili mistari ya miti yangu inyooke

Wakuu, salaam kwenu nyote. Leo natua mzigo nilioubeba tangu miaka ya tisini. Chumvi sitii, maana mwenye aibu humu ni mimi mwenyewe.

Nilikuwa kijana, msimamizi wa saiti kwenye mradi wa kurudisha miti ya asili bonde la Kilombero.

Tulianzia Kisawasawa, kwenye miteremko. Tukapima kwa kamba, tukapanda mikangazi kwa mistari, ikashika vizuri mno. Bosi akanisifu mbele za watu. Kichwa kikavimba.

Nikahamishiwa Namawala, kwenye mbuga ya mpunga. Plani ile ile, kamba ile ile.

Tatizo likawa vichuguu. Kwa msiofika kule, mbuga ni tambarare, ila ina vichuguu vikubwa vya mchwa, vingine mtu anajenga nyumba juu yake. Kila nikivuta kamba, inapinda. Nikaweka vibarua, wakavisawazisha vyote tisa vilivyokuwa eneo langu.

Jirani yangu, Mama Edita, alikuwa mkulima mjane mwenye ulimi wa pilipili. Nyumba yake ilikuwa juu ya kichuguu. Akaja mpakani kutazama.

"We kaka, hao askari wako uliowapanga mstari, maji yakija watapanda wapi?"

Nikamjibu plani imetoka ofisini.

"Haya. Ijue kuogelea basi."

Miche iliyopinda niliitupa kando ya njia. Siku moja nikamwona anaiokota. Nikajua anataka viriba tu, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche.

Wanakijiji wengine hawakunisemesha kabisa, kwa sababu niliwakataza kuchoma nyasi na kukata matete. Nikipita wananyamaza. Na mimi na kiburi changu sikuwafuata.

Nililala kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo cha kulindia mpunga. Jamani, upweke ule msiombe. Kuna siku niligundua sijatoa sauti tangu asubuhi. Nikajisalimia, "Habari za kutwa?" Nikajiitikia, "Salama." Chekeni tu, ila nilikuwa karibu kulia.

Masika yakaja na maji yakapanda. Wengi wakahamia kwenye mwinuko. Nikabaki, maana ile miti ndiyo ilikuwa jina langu. Ikifa, mimi ni nani?

Kila asubuhi nilitazama ncha zilizobaki juu ya maji. Siku ya kumi sikuona hata moja. Nikatuma barua ofisini, kimya.

Aliyekuja ni Mama Edita, na mtumbwi wake, na wali kwa kambale.

"Kula, kaka. Chakula hakina plani."

Nikala nimempa mgongo kwa aibu. Hata asante sikumbuki kama niliitoa. Akawa anakuja hivyo siku baada ya siku, mpaka maji yalipopungua.

Nikafunga blanketi langu, nikaondoka alfajiri kurudi Kisawasawa. Nilipita karibu na kwake nikamsikia anafagia. Sikusimama.

Miaka ikaenda. Juzi kati nilikuja Ifakara kwa msiba, miguu ikanifikisha Namawala. Eneo langu lote ni mpunga.

Lakini juu ya kichuguu cha Mama Edita kuna mikangazi mitatu mirefu kuliko nyumba, yote imepinda shinani. Nikaijua. Ni ile niliyoitupa.

Akatoka Edita, sasa mtu mzima. Akaniambia mama yake ameshafariki. Kisha akanitazama sana.

"Wewe ndiye kaka wa kamba?"

Nikaitika.

"Mama alikuwa anamuuliza kila mgeni wa Kisawasawa kama ulifika salama. Mpaka anaugua, bado anauliza."

Wakuu, nililia pale pale, mtu mzima na koti langu la msibani.

Somo nililopata: mlima na mbuga havipandwi kwa kamba moja, na kabla hujasawazisha kitu cha watu, waulize kinawasaidia nini. Hilo ni la miti.

La pili linaniuma zaidi. Nilijiona sina mtu kule, kumbe kulikuwa na mtu ananiulizia, na mimi sikuwahi kumuaga.

Mliowahi kupanda miti ikawashinda, au kuondoka mahali bila kuaga, tiririkeni hapa chini. Nitasoma zote. Nipo nyumbani peke yangu.