Wiki Tatu za Kuchagua Pa Kuandikia Java

Nilipojiunga na darasa la jioni la Java, lugha ya kutungia programu za kompyuta, hapa Kakamega mjini, mwalimu alitupa kazi moja. "Tafuteni chombo chochote cha bure cha kuandikia Java, kisha mlete programu mliyoitunga wenyewe. Nawapa wiki tatu."

Wenzangu walichagua siku hiyo hiyo. Mimi, karani wa masjala niliyezeekea kwenye mafaili, niliona haraka hiyo ni utoto. Nikapakua vyombo vitatu, nikavichorea jedwali. Kimoja kilikuwa chepesi lakini sura mbaya. Cha pili kilikuwa na rangi za kupendeza. Cha tatu kilikuwa na kila kitu, na kila nikikifungua laptopu yangu ilivuma kama kinu cha kusaga mahindi. Nikakipenda hicho. Mtu mzito, nilijiambia, hustahili chombo kizito.

Wiki ya pili nilikuwa nimeshabadilisha rangi za maandishi mara sita, na nilikuwa natoa ushauri bila kuombwa. Jirani yangu darasani, mama mmoja anayefundisha shule ya msingi Navakholo, nilimuuliza anatumia kipi.

"Ile nilipata kwa kompyuta ya shule," akasema. "Jina lake hata sijui. Mimi naandikanga tu."

Nilimhurumia. Nikamweleza ubora wa changu hadi chai yake ikapoa.

Siku ya kuonyesha kazi niliitwa wa kwanza, kwa kuwa nilishajulikana kama mtaalamu. Nikafungua. Tukangoja. Mwalimu akafuta ubao, akaufuta tena. Mwishowe dirisha likafunguka, zuri ajabu, bila mstari hata mmoja ndani.

"Programu yako iko wapi, mzee?"

"Nilikuwa bado nachagua, mwalimu."

Darasa zima lilicheka, isipokuwa yule mama, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Programu yake ilipanga alama za wanafunzi kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, kazi iliyokuwa ikimlia Jumamosi nzima. Alipigiwa makofi.

Baadaye nikameza kiburi, nikamwomba anisaidie. Akafuta vyombo viwili, akaniachia kile chenye sura mbaya.

"Haya kaka, andika jina lako litokee."

Nikaandika. Ikakataa; nilikuwa nimesahau nukta mkato mwishoni mwa mstari. Nikaiweka, nikabonyeza, na jina langu likatokea kwenye skrini, limepungua herufi moja. Nikaruka kitini na kumwita mwalimu aje aone.