Mwaka Niliosifiwa kwa Kunyamaza

Mama alirudi kwao Puge nilipokuwa darasa la saba. Ndoa yake na baba ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyetueleza kwa nini. Nilikuwa na miaka kumi na minne, mdogo wangu wa kike kumi na mmoja. Tulitoka shule tukakuta kasha lake halipo. Baba alinivuta pembeni, pale uani kwetu Chemchem, mjini, akaniambia, "Wewe ndiye mkubwa. Usilie mbele ya mdogo wako."

Sikulia.

Mdogo wangu yeye alilia akifagia, akalia akila, na kila jioni alimwuliza baba, "Mama anarudi lini?" Siku moja aliibwaga sufuria ya maharage uani kwa hasira. Alichapwa, akaangua kilio mpaka majirani wakaja, kisha akalala fofofo. Wanawake wa mtaani walimwita mkorofi. Mimi walinisifu. "Huyu mkubwa mtulivu, hana neno," walimwambia baba, naye akatabasamu juu ya cherehani yake. Sifa zile nilizipenda mno. Nilidhani ndio utu uzima wenyewe.

Mama alikuwa ameacha kanga moja kuukuu. Niliificha chini ya godoro, na mchana baba akiwa kazini niliinusa, kisha nikairudisha haraka kama mwizi.

Baada ya miezi kadhaa, asubuhi moja tukiwa kwenye mchakamchaka, tukikimbia na kuimba nyimbo za kujenga taifa, moyo ulianza kunienda mbio kuliko miguu. Vidole vikafa ganzi. Pumzi ikakata. Nikajua nakufa. Mwalimu aliniketisha kivulini, na baada ya muda ikapita. Lakini ilirudi darasani, ikarudi sokoni. Nikaanza kuiogopa hata kabla haijaja. Uji ulinikwama kooni. Wenzangu wakicheza rede, mimi nilikaa ukutani, sina hamu ya kitu. Nilisoma ukurasa mara nne nisijue nimesoma nini.

Zahanati walisema damu imepungua, wakanipa vidonge. Jirani akasema ni jini. Baba akanipeleka kwa shehe, nikanywa kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini, lenye harufu ya marashi. Kila mmoja alifanya alichokijua, tena kwa huruma. Hakuna aliyeniuliza kuhusu mama.

Likizo ilipofika, shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alinichukua shambani kwake Ntalikwa nikamsaidie kuvuna karanga. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Siku ya tatu, tumekaa chini tukichuma karanga kwenye mashina yaliyong'olewa, akaniuliza bila kunitazama, "Mama yako humkumbuki?"

"Simkumbuki, shangazi."

"Mimi namkumbuka. Alikuwa anaanza kucheka kabla hajamaliza kusimulia."

Ni kweli, ndivyo alivyokuwa. Nililia mpaka kichwa kikauma, mpaka nikatapika uji wa asubuhi. Shangazi hakunibembeleza wala hakuniambia ninyamaze. Aliweka mkono mmoja mgongoni kwangu, wa pili ukaendelea na karanga.

"Baba alinikataza kulia," nikasema mwishowe.

"Baba yako alikuwa anaogopa kulia yeye."

Wiki hiyo hiyo alikwenda mjini akazungumza na baba. Sijui walisemezana nini, ila baba alikubali niende Puge, naye shangazi akanisindikiza.

Tulipofika, nyumba ya babu haikuwa na paa. Watu walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa. Tulitembea saa nzima hadi kwenye nyumba zilizopangwa mistari, udongo wake bado mbichi, na mbele ya moja nikamwona mama anaanika michembe ya viazi. Aliacha kila kitu.

"Umekonda," alisema, akinishika mashavu.

Nilikuwa nimejiandaa kumkumbatia. Badala yake nilipiga kelele. "Kwa nini hukutuaga?"

Wanawake wa jirani waligeuka kututazama. Shangazi akataka kunizuia. Mama akamwashiria aniache. Nilisema yote: maharage, mchakamchaka, kanga. Alisikiliza machozi yakimtiririka, hakuyafuta.

"Ningewaaga," alisema, "nisingeweza kuondoka."

Nilikaa naye siku tatu. Nilikula.

Niliporudi Chemchem nilimwambia baba waziwazi kwamba namkumbuka mama. Akasema, "Hata mimi," akatoka nje.

Sikupona mara moja. Mtihani wa darasa la saba nilishindwa. Kifua kilinibana tena mara nyingi, hata ukubwani, ila nilijifunza kumwambia mtu mapema, kwa kawaida mdogo wangu, ambaye hajawahi kushangazwa na machozi ya mtu.

Likizo baada ya likizo tulikwenda kijijini kwa mama, tukarudi. Hatukuishi tena sote wanne nyumba moja. Wazazi wangu wote wawili sasa ni marehemu, na ninachokitamani si sikukuu wala safari. Ni alasiri moja tu ya kawaida pale uani, kabla ya mwaka ule: mama anachambua mchele, anatuita kwa Kinyamwezi, lugha ya kwao ambayo baba hakuijua, ili asielewe anavyomtania, na sisi wawili tunachelewa kuitika kwa sababu tunacheza.