Uji wa Bibi Minza

Siku mliyozaliwa naikumbuka vizuri, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira inanipanda upya. Mmezaliwa alfajiri, wewe na pacha wako, hapa hapa Magu. Mimi nimelala, njaa inanikata, na uani baba yako anagombana na mama yake.

Baba yako Yohana alikuwa ameokoka kwenye mkutano wa injili Mwanza mjini, miaka ile vipaza sauti vilipojaa kila uwanja. Alirudi na moto. Hakutaka ngoma ya mapacha, hakutaka mwitwe Kulwa na Doto kama mapacha wote wa kwetu, eti ni mambo ya mizimu. Bibi yako Minza naye kashikilia kwamba msiponyunyiziwa dawa mlangoni, hamponi. Wapiganapo mafahali wawili, ziumiazo ni nyasi, na nyasi nilikuwa mimi. Mpaka jua la utosi hakuna aliyebandika sufuria. Maziwa hayatoki, nyinyi mnalia, wao wanamtetea Mungu na mababu!

Ndipo akaingia mchungaji wetu mzee. Akawasikiliza, kisha akauliza, "Mzazi amekula nini?"

Akachungulia jikoni, akakuta majivu baridi.

"Basi nyamazeni. Yohana, mimi naitwa Doto, na ndimi niliyekubatiza. Jina limemzuia Mungu? Na wewe mama, dawa iache, mlinzi wa watoto hawa unamjua. Ngoma pigeni, ni furaha yetu. Lakini kwanza uji."

Bibi yako akawasha moto. Akakoroga uji wa ulezi, akaninyanyua kichwa, akaninywesha mwenyewe huku analia. Jioni mkanyonya mkashiba.

Leo wewe, Kulwa, umepata binti, unaniambia hawezi kuitwa Minza kwa sababu ni jina la mizimu. Mizimu gani? Bibi yuko hai, kalala kitandani Kiseke, kila siku ananiuliza kwa simu mtoto anaitwa nani, na mimi nabadilisha mazungumzo. Mmenichosha!

Mchele wenye mawe huchaguliwa, mwanangu, haumwagwi. Linalomkana Mungu liache, wala usigeuke nyuma. Linalowaheshimu waliokulea lishike, maana hiyo nayo ni amri yake. Na kabla ya kubishana, uliza nani hajala.

Nenda Kiseke leo. Mpakatishe bibi mtoto, umtajie jina angali anasikia. Mungu akutangulie, mwanangu, akupe uzee mwema, na wajukuu watakaogombania jina lako.