Swali Moja, Kisha Kunyamaza

Siku Mumbua alipoingia stoo ya Japheth kule Abu Hamour, hakuuliza bei. Japheth akaweka kikombe cha chai chini. Mteja asiyeuliza bei ama ana pesa, ama amekuja kukumaliza.

Kazi ya Japheth ilikuwa kununua samani za watu wanaohama Qatar na kuwauzia wanaofika. Anayehama ana haraka, anayefika analala sakafuni, na katikati yao yeye alikuwa amejijengea maisha bila kuona haya. Mumbua, mwanamke kutoka mji wa Mwingi aliyewahi kufanya kazi kwenye mapokezi ya hoteli, alikuwa amekuja na bintiye Fiona wa miaka tisa. Aliizunguka meza moja ya mbao mara tatu, akainama, akainuka.

"Hii ni ya nini, mama?" Japheth akauliza.

"Ya shule. Tunasomea nyumbani, Muaither."

"Kwani shule zimejaa?"

"Mbili zilimkataa Fiona huyu. Ya tatu ilimkubali ikamweka nyuma achore maua. Akili anayo, bwana. Maneno yanachelewa kuingia, na yakiingia yanachelewa kutoka."

Japheth hakupenda historia za wateja, kwa sababu hushusha bei. Akamgeukia mtoto; mtoto akishapenda kitu, mzazi hana ujanja.

"Fiona, meza hii wewe ungenipa ngapi?"

Fiona akamtazama. Mama yake hakumsaidia. Alisimama tu ameshika mkoba.

Sasa, Japheth aliijua sheria ya soko: ukishauliza, anayefungua mdomo wa kwanza ndiye anayeumia. Aliwamaliza wengi kwa sheria hiyo. Lakini hao wengi walikuwa wakihema, wakijikuna, wakitazama simu. Huyu hata kope hakupepesa.

"Haya, naongeza kiti," akasema Japheth.

Kimya.

"Na ubao mweupe. Na kalamu zake."

"Mguu mmoja ni mfupi," Fiona akasema.

Ulikuwa mfupi, kweli. Japheth alikuwa ameukunjia kadibodi na kuifunika kwa ncha ya zulia. Meza ikaondoka kwa nusu ya bei, pamoja na kiti na ubao.

"Unamfundisha biashara huyu?" akauliza akiipakia kwenye pikapu.

"Namfundisha hesabu. Nauliza mara moja, nanyamaza. Ukilirudia swali kwa maneno mengine, anaanza upya kutoka mwanzo."

Jambo hilo Mumbua hakulisoma popote. Siku moja alikuwa akikaanga mandazi, akamuuliza Fiona swali, mafuta yakashika moto, akamsahau. Alipomaliza kuzima, mtoto akajibu. Sahihi. Kabla ya hapo yeye na mumewe walikuwa wamepoteza mwaka mzima wakisaidiana kumharakisha.

Ijumaa moja ya mwezi wa sita, Japheth alipeleka rafu ya vitabu Muaither, ghorofa ya tatu, lifti imeharibika. Alimkuta Tom, mume wa Mumbua, msimamizi wa walinzi kwenye mnara mmoja wa ofisi kule West Bay, ameketi mbele ya ile meza na simu mkononi.

"Karibu, Japheth. Uwe shahidi. Julai tunaenda nyumbani. Leo nampima huyu mwenyewe. Akijibu, nakata tiketi ya kwenda na kurudi. Akishindwa, ni ya kwenda tu. Anabaki kwa nyanyake, aingie shule ya bweni."

Mumbua alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Uso wake ulikuwa mkavu, ila kitambaa cha vyombo alikuwa amekikamua mpaka basi.

"Fiona," Tom akaanza, "nina walinzi ishirini na wanne na zamu tatu sawa. Kila zamu wangapi?" Akangoja kidogo. "Yaani, ukiwagawa hao watu..." Akangoja tena. "Sikiza, chukua ishirini na nne..."

"Baba Fiona, nimekuambia—"

"Wacha kumtetea!"

Japheth akaishusha rafu. Mtoto akienda Mwingi, hapa hapatakuwa na shule, na rafu hii itarudi chini kwa mgongo wake mwenyewe.

"Tom, wewe ni mnunuzi mbovu," akasema. "Ushataja bei mara tatu na mwenzako hata hajafungua mdomo. Uliza mara moja, ufunge mdomo."

Tom aliudhika, lakini hakutaka kuitwa mnunuzi mbovu mbele ya mkewe. Akauliza mara moja. Akanyamaza. Nyuma ya ukuta jirani akasikika akisugua bafu lake lote mpaka akamaliza.

"Wanane," Fiona akasema. "Lakini Oloo akisinzia ni saba."

Oloo alikuwa mlinzi ambaye Tom hulalamika juu yake kila wakila. Tom akaitazama simu yake, akabonyeza *kwenda na kurudi*.

Fiona akabaki na shule yake, Mumbua na mtoto wake. Tom alipoteza nafasi ya bweni aliyoiomba kwa mwalimu mkuu wa kule Mwingi mwezi mzima.

Japheth akataja bei ya rafu. Mumbua akanyamaza. Fiona akanyamaza. Tom, aliyejifunza dakika tano tu zilizopita, naye akanyamaza.

Japheth alishuka ngazi na pesa zile zile alizoinunulia rafu, bila faida, na mandazi mawili kwenye karatasi.